Tanzia si kuhesabu maiti: ilikotoka, na nani hasa alitunga masharti yake

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne tamthilia yoyote, umuulize kama ni tanzia, na mara nyingi atakimbilia kuhesabu maiti. Mhusika mkuu kafa? Tanzia. Kaoa? Ramsa, mchezo wa furaha. Ukimbana kidogo atakutajia na masharti: mhusika awe mfalme au mtu mkubwa, awe na dosari ya tabia, hasa kiburi, kisa kiishe ndani ya saa 24 mahali pamoja, mchezo ugawanywe sehemu tano, damu isimwagike jukwaani, na yote hayo "yaliwekwa na Wagiriki". Nje ya darasa mambo yanazidi kuchanganyika, kwa sababu neno lilelile ndilo linalotangulia taarifa ya msiba kwenye kundi la WhatsApp na habari ya basi lililotumbukia mtoni.

Katika orodha hiyo, Wagiriki hawakuweka hata sharti moja kwa namna linavyokaririwa. Mengine ni ya Waroma, mengine ya Waitaliano wa karne ya 16, mengine yalikolezwa na walimu wa baadaye zaidi. Shakespeare naye, anayetajwa pamoja nao kana kwamba alikaa dawati moja na Sophocles, mshairi wa Athens ya kale, aliyavunja karibu yote. Fundo hili halifunguki mpaka ujue nani alisema nini, na lini.

Tuanze na maana ya kufanyia kazi. Tanzia ni mchezo wa kuigiza unaomfuata mtu ambaye si malaika wala si shetani, mtu ambaye kwa uamuzi wake mwenyewe, huku hajui yote anayotakiwa kujua, anajiletea balaa. Mara nyingi ni balaa lilelile alilokuwa akilikimbia. Uzito wa mchezo uko kwenye kamba inayounganisha kitendo na matokeo. Abiria wa basi hakuwa na mkono katika kilichompata. Msiba wake ni msiba kamili, unastahili machozi yote, lakini mshairi wa tanzia asingekuwa na pa kuushika.

Mashindano ya Athens

Tanzia ilizaliwa Athens karne ya 6 KK, ndani ya sikukuu ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Mwanafalsafa Aristotle anasema ilichipuka kwa viongozi wa nyimbo za kumsifu mungu huyo, nyimbo zilizoimbwa na kundi zima huku likicheza. Mapokeo ya Wagiriki yanamtaja Thespis, kwenye miaka ya 530 KK, kuwa wa kwanza kujitenga na kundi akasema kwa nafsi ya mtu mwingine. Msimuliaji hueleza kwamba mfalme alisema hivi na vile. Thespis alisimama akawa mfalme. Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu, na Wagiriki wakakomea hapo. Waigizaji hao watatu, wote wanaume, waligawana nafasi zote za mchezo kwa kubadili vinyago vya uso, na mbele yao ilikuwepo korasi ya watu 12, baadaye 15, walioimba, kucheza na kujibizana nao.

Kila mwaka, kwenye Machi hivi, mji ulisimamisha shughuli kwa ajili ya sikukuu kubwa ya Dionysus. Washairi watatu walishindana. Kila mmoja alileta tanzia tatu, kisha mchezo wa nne wa mizaha wenye korasi ya viumbe nusu mtu nusu mnyama, walevi na wenye matusi. Gharama ya korasi ilibebwa na tajiri aliyeteuliwa na serikali, na kwake ilikuwa kodi na matangazo kwa wakati mmoja. Majaji kumi walipatikana kwa bahati nasibu. Watu kwa maelfu waliketi kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, juani. Ibada, siasa na ushindani vilikaa benchi moja, na anayefikiri tanzia ilikuwa burudani ya wasomi wachache afute picha hiyo.

Penye ushindani pana wanaoshindwa. Medea ya mshairi Euripides, ambayo leo huigizwa kila pembe ya dunia, ilishika nafasi ya tatu kati ya tatu mwaka 431 KK. Sophocles alipoleta kisa cha mfalme Oedipus, alishindwa na Philocles, mpwa wa Aeschylus, ambaye hatuna hata mchezo wake mmoja kamili. Kwa ujumla tunahukumu kwa mabaki: Sophocles aliandika michezo zaidi ya 120 na tumebakiwa na 7. Ukijumlisha washairi wakubwa watatu, Aeschylus, Sophocles na Euripides, michezo iliyotufikia haizidi 33. Kila anayesema "tanzia ya Kigiriki lazima iwe hivi" anasemea maktaba ambayo sehemu kubwa yake iliungua au kuoza.

Mkasa mmoja unafundisha kuliko fasili nyingi. Mwaka 494 KK Waajemi waliuteka mji wa Miletus, mji wa Kigiriki uliokuwa na udugu na Athens. Muda mfupi baadaye mshairi Phrynichus akaweka anguko hilo jukwaani. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba ukumbi mzima uliangua kilio. Waathens hawakumtuza. Walimtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, na mchezo ukapigwa marufuku usionyeshwe tena. Kama kazi ya tanzia ingekuwa kuliza watu tu, Phrynichus alistahili taji.

Aeschylus alilielewa somo. Mwaka 472 KK, miaka minane baada ya Waathens kuzizamisha meli za Waajemi huko Salamis, alileta mchezo kuhusu vita hivyo, ila akauweka kwenye ikulu ya adui. Anayelia ni mama wa mfalme wa Uajemi. Mshairi mwenyewe alikuwa amepigana na Waajemi kule Marathon, na ukumbini walijaa watu waliopoteza ndugu katika vita hivyo. Hii ndiyo tanzia ya zamani kuliko zote tulizonazo, na inamtaka mtazamaji amwonee huruma aliyekuja kumchomea nyumba. Mchezo huo uko mbali kidogo na jeraha, na umbali huo ndio unaompa mtu nafasi ya kufikiri huku anaumia.

Ndiyo maana washairi walipendelea visa vya kale ambavyo kila mtu alikwishavijua. Mtazamaji wa Athens aliingia akijua Oedipus alimuua baba yake na kumwoa mama yake. Hali yake ilikuwa ya mtu anayetazama marudio ya mechi ambayo timu yake imeshafungwa: anajua bao linaingia dakika gani na kutoka upande gani, na bado anamfokea beki aangalie nyuma. Beki hasikii. Oedipus anapolaani mbele ya umma yeyote aliyemuua mfalme Laius, ambaye ndiye baba yake, akiapa hatampa hifadhi hata akiwa nyumbani kwake, ukumbi mzima unajua amejilaani mwenyewe. Walimu wa fasihi huita hali hii kinaya. Tanzia ya Kigiriki inaishi humo kuliko kwenye mshangao wa mwisho.

Je, damu? Mauaji mengi yalifanyika nyuma ya mlango, kisha mjumbe akatoka kusimulia, na maiti zikasukumwa nje juu ya jukwaa la magurudumu. Hiyo ilikuwa desturi, na yenye sababu za kazi pia: una waigizaji watatu tu, na aliyekufa anahitajika arudi na kinyago kingine. Lakini katika mchezo mmoja wa Sophocles, shujaa Ajax anaonekana kuuangukia upanga wake mbele ya watazamaji. Aliyegeuza desturi kuwa amri ni mshairi wa Kiroma, Horace, karne ya 1 KK: Medea asiwachinje wanawe mbele ya watu, na mchezo usipungue wala usizidi sehemu tano. Zile sehemu tano zinazoitwa "za Kigiriki" zilitoka Roma.

Wanaosalimika

Turudi kwenye maiti. Oedipus hafi mwishoni mwa mchezo wake. Anajipofua na kutoka akiwa hai, na kuishi huko ndiko adhabu. Mfululizo wa Aeschylus juu ya ukoo wa Agamemnon, wa mwaka 458 KK, ndio mfululizo pekee wa tanzia tatu uliotufikia mzima. Unaanza kwa mke kumuua mume, unaendelea kwa mtoto kumuua mama, unamalizika kwa kuundwa mahakama Athens, kesi, mtuhumiwa kuachiwa huru, na majini ya kisasi kupewa makao ya heshima mjini. Unamalizikia kwa maandamano na nyimbo za baraka, na bado ulishinda kama tanzia. Philoctetes ya Sophocles inaishia kwa mgonjwa kuahidiwa uponyaji. Euripides ana michezo kadhaa ambamo ndugu wanatambuana dakika ya mwisho na kutoroka salama.

Hata Waingereza, karne ishirini baadaye, hawakuwa na uhakika. Mwaka 1623, wenzake Shakespeare walipokusanya michezo yake kwenye kitabu kimoja kikubwa, waliiweka Cymbeline kwenye kundi la tanzia, ingawa inaishia kwa msamaha na mapatano.

Aristotle alisema nini

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipoanzia. Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK, miaka ishirini na ushei baada ya Sophocles na Euripides kufa. Hakuwafundisha kuandika, na wao hawakuwahi kusoma kanuni zake. Alichofanya ni kutazama michezo iliyokwishakuwepo akajiuliza kwa nini mingine inashika moyo na mingine haishiki. Kitabu chake juu ya ushairi ni kifupi, kikavu, kama madokezo ya mhadhara, na sehemu ya pili inayodhaniwa ilihusu ramsa imepotea.

Anasema moyo wa tanzia ni muundo wa matukio, na wahusika wanafuata nyuma. Anasema mabadiliko mazuri ni yale yanayogeuka ghafla kinyume cha matarajio, na kwamba mageuko hayo yanakuwa na nguvu zaidi yakifika pamoja na utambuzi, yaani mtu kutoka kwenye kutojua kwenda kwenye kujua. Mfano wake ni Oedipus: mjumbe anakuja na habari ya kumtoa hofu, na habari hiyohiyo inafungua mlango wa ukweli unaommaliza. Huhitaji nadharia kuliona hilo. Mtu mwema amekuja na habari njema, na kila sentensi yake ni kisu.

Kuhusu mhusika, Aristotle anasema asiwe mkamilifu mno, maana kuanguka kwake kutachukiza tu, wala asiwe mwovu, maana tutafurahi. Awe wa katikati, aanguke kwa sababu ya hamartia. Neno hilo limeleta balaa. Kitenzi chake kilitumika kwa mrusha mkuki aliyekosa shabaha, na kwa Aristotle maana yake inaelekea kwenye kosa, kukosea, kutenda bila kujua jambo la msingi. Wasomaji wa baadaye, waliolizoea neno hilohilo kwenye Agano Jipya likiwa na maana ya dhambi, wakaanza kumtafutia kila shujaa dhambi yake. Hapo ndipo ilipozaliwa "dosari ya tabia" na jibu la mtihani lisilochosha: kiburi. Oedipus alikuwa na hasira na haraka, ni kweli. Lakini kilichomwangusha ni kutojua wazazi wake ni nani. Ungempa unyenyekevu wa mtawa, angebaki mume wa mama yake vilevile.

Kisha kuna katharsis, ile "kusafishwa hisia" ambayo kila mwanafunzi anaitaja na hakuna anayeieleza. Hawana lawama. Aristotle analitumia neno hilo ndani ya fasili yake, kwamba tanzia kwa huruma na hofu inaleta katharsis ya hisia za namna hiyo, kisha anapita. Katika kitabu chake cha siasa anaahidi kulifafanua atakapozungumzia ushairi. Katika kitabu cha ushairi tulichonacho, ufafanuzi haumo. Lilikuwa neno la waganga, kwa dawa ya kuharisha, na pia la makuhani, kwa utakaso. Mabishano ya miaka mia tano yamejengwa juu ya deni hilo.

Na juu ya mwisho? Sura ya 13 inasifu kisa kinachoshuka kutoka heri kwenda shari. Sura ya 14, inayofuata, inasema hali bora ni ile ambapo mtu yuko karibu kumuua ndugu yake bila kumjua, anamtambua, na mkono unazuiwa. Wanaomtaja Aristotle kuwa shahidi wa mwisho wenye vifo huwa hawakugeuza ukurasa.

Suala la majaliwa lisituchukue muda mrefu. Watu husema Oedipus alikuwa kikaragosi cha miungu, basi kosa lake liko wapi? Tazama mchezo wenyewe. Utabiri ulisema atamuua baba na kumwoa mama, na hayo yalikwishatokea kabla pazia halijafunguka. Haukusema atachunguza. Tiresias, mtabiri kipofu, anamsihi aache. Jocasta, mke aliye mama, anamsihi aache. Mchungaji mzee anamsihi aache. Anaendelea, kwa sababu mji wake unakufa kwa tauni na ameahidi kuuponya. Kitendo tunachokiona jukwaani ni chake peke yake.

Njia ndefu hadi London

Roma ilituachia Seneca, mwalimu wa mtawala Nero, aliyekufa mwaka 65 BK. Michezo yake imejaa mizimu, visasi, hotuba za moto na ukatili usiosemeka. Katika mmoja wao ndugu anamlisha ndugu yake nyama ya wanawe mwenyewe. Baada ya hapo kumbi zikafa. Ulaya ya enzi za kati ilibakiwa na jina bila kitu: tanzia ikawa hadithi yoyote ya mkubwa aliyeinuliwa na gurudumu la bahati kisha akabwagwa. Ni hadithi ya kusoma, isiyo na jukwaa. Wazo la kwamba mhusika lazima awe mfalme liliota mizizi hapo.

Kitabu cha Aristotle kiliishi kwa Waarabu. Kilitafsiriwa Baghdad karne ya 10, na karne ya 12 Ibn Rushd wa Cordoba akakiandikia ufafanuzi. Lakini hakuwa amewahi kuona mchezo wa aina ile. Mwanazuoni huyu mkubwa alitumia alichokijua, ushairi wa Kiarabu, akaeleza kwamba tanzia ni ushairi wa sifa na ramsa ni ushairi wa kashfa. Ufafanuzi wake ulihamishiwa Kilatini mwaka 1256, na kwa miaka mingi Ulaya ilimsoma Aristotle kupitia dirisha hilo. Mtu yeyote anayejua kasida na mashairi ya kupigana vijembe ataelewa kwa nini kosa hilo lilikuwa la akili kabisa.

Karne ya 16 ndiyo iliyobadili mambo. Hii ni Renesansi, kipindi ambacho Waulaya, wakianzia Italia, walirudi kwa bidii kwenye maandishi ya Ugiriki na Roma. Kitabu cha Aristotle kilichapishwa kwa Kigiriki mwaka 1508, na wafafanuzi wa Kiitaliano wakakivamia kama mawakili wanavyovamia katiba. Aristotle alikuwa amesisitiza umoja wa kitendo: kisa kiwe kimoja, kisivurugwe. Kuhusu muda alidokeza tu, katika sentensi moja, kwamba tanzia hujaribu kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua. Kuhusu mahali hakusema neno. Mwaka 1570 Lodovico Castelvetro akavifunga vitatu pamoja: kitendo kimoja, siku moja, mahali pamoja. Hoja yake mojawapo ilikuwa ya kimwili kabisa. Watazamaji wameketi saa chache mahali pamoja, na hawawezi kukaa zaidi kwa sababu wanahitaji kula, kulala na kwenda msalani. Basi usiwaambie kwamba siku nyingi zimepita. Wafaransa wa karne iliyofuata waliishika sheria hiyo kwa ukali, hata mchezo wa Corneille, Le Cid, uliopendwa sana na watu mwaka 1637, ukafikishwa mbele ya Akademia ya Ufaransa kujibu mashtaka. Tusiidharau sheria kwa hilo. Racine, Mfaransa mwingine, aliitii, na kubanwa kulimfaa: wahusika wake wamefungiwa chumba kimoja na siri zao mpaka hewa inawaishia.

Waingereza walifuata njia nyingine. Mwaka 1562 malkia Elizabeth I alionyeshwa Gorboduc, iliyofuata nyayo za Seneca: sehemu tano, korasi, wajumbe, mauaji nyuma ya pazia. Mshairi Philip Sidney aliisifu, ila akalalamika kwamba imekosa umoja wa muda na mahali, na akawacheka waandishi waliochanganya wafalme na wachekeshaji. Alikufa mwaka 1586, hakuona kilichokuja.

Kilichokuja kilitegemea jengo. Tangu mwaka 1576 London ilikuwa na kumbi za kudumu za umma, na Globe ikafunguliwa mwaka 1599. Mtu wa kawaida alilipa peni moja akasimama kuzunguka jukwaa, mchana kweupe. Hakukuwa na mandhari ya kuchorwa. Mwigizaji akisema tuko msituni, mko msituni. Nafasi za wanawake walicheza wavulana. Katika jukwaa la namna hiyo sharti la mahali pamoja halina kazi, na Shakespeare katika Antony and Cleopatra anaruka kutoka Misri hadi Roma na kurudi kwa maonyesho zaidi ya 40. Korasi ilikaribia kutoweka. Kilichoichukua nafasi yake ni mtu aliyebaki peke yake akizungumza na nafsi yake, na sisi tukamsikiliza. Mgiriki alikuwa na mji mzima mbele yake wa kumuuliza maswali. Hamlet ana sisi tu.

Seneca alibaki, ila alitolewa chumbani. Mzimu unaodai kisasi ulimfikia kwanza mwandishi Thomas Kyd, kisha ukaingia Hamlet. Ile karamu ya nyama ya watoto ikarudi katika Titus Andronicus. Sharti la Horace likatupwa: Oedipus alijipofua ndani, tukasimuliwa, katika King Lear mzee Gloucester anang'olewa macho mbele yetu. Na wachekeshaji wa Sidney walikaa katikati ya msiba: mchimba kaburi akitania juu ya mafuvu, bawabu mlevi akifungua lango la Macbeth asubuhi ambayo mfalme ameuawa. Sharti la ufalme nalo lilipasuka. Mwaka 1592 ilichapishwa Arden of Faversham, kisa cha kweli cha mwenye mali wa Kent aliyeuawa na mke wake na hawara. Hakuna taji, ni nyumba na ndoa tu.

Kwa hiyo nini kinamfanya Shakespeare na Sophocles waitwe jina moja? Chukua Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwaka 1963 na kuurekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wasomaji wengi hukwama: mwenye jina la mchezo anauawa katikati, tanzia ni ya nani? Mfuate Brutus. Ni mtu mwaminifu, hakuna anayebisha, hata maadui zake. Usiku, bustanini, anakiri kwamba Kaizari hajafanya kosa lolote. Atamuua kwa kile anachoweza kuwa baadaye, ili kuiokoa jamhuri. Kisha, kwa uungwana uleule, anamruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, ahutubie mazishini, licha ya Cassius, mwenzake katika njama, kumwonya. Jamhuri anayoiokoa inakufa kwa mikono yake. Ukimtafutia dosari ya tabia utahangaika. Ukimtafutia kosa la hukumu, lililofanywa na mtu mwema kwa nia njema, umelipata mara mbili.

Jambo moja huwashangaza wengi. Septemba 1599 mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto London akatazama mchezo juu ya Kaizari, na akaandika kwamba ulipokwisha waigizaji walicheza dansi, wawili wamevaa kiume na wawili kike, kwa umaridadi mkubwa. Waathens nao walimaliza siku ya tanzia kwa walevi wenye mikia. Mila mbili zisizojuana zilikataa kumrudisha mtu nyumbani na machozi peke yake. Utukufu mzito usio na kicheko, ule tunaouambatanisha na neno tanzia, umetoka zaidi kwenye vitabu kuliko kwenye majukwaa.

Kwa Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali. S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode, yaani kisa cha Oedipus, mwaka 1971. Kati yao kuna Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji. Walimu wengi huifundisha kama mchezo wa kizalendo na kuishia hapo. Isome tena ukimfikiria Oedipus. Kinjeketile anawapa watu maji na neno la kuwaunganisha. Neno linawaunganisha kweli, kisha linamkimbia mikononi. Anakuja kutambua, amechelewa, kwamba imani aliyoizaa inawapeleka kwenye bunduki za Wajerumani kabla hawajawa tayari. Anapokamatwa anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu kukanusha kutawafundisha watoto kwamba kupigana ndiko kulikokuwa kosa. Mageuko, utambuzi, na mtu mwema aliyekosa shabaha: vyote vimo, bila mfalme wala Mgiriki.

Anayetaka kuanza asianze na Hamlet, ni ndefu na ina vichochoro vingi. Aanze na Mfalme Edipode, unasomeka kwa kikao kimoja, akiwa na kalamu ya kuweka alama kila mahali ambapo yeye msomaji anajua jambo ambalo Edipode halijui. Kisha Makbeth, akiangalia wachawi wanatabiri nini hasa, na ni wapi walipomwambia aue; hatapaona. Aristotle aje mwisho kabisa, baada ya michezo, kama alivyokuja yeye mwenyewe.